Kumiko na Nani?

Kyoto kuna watu ambao hawatakuuliza dini yako, kabila lako wala mshahara wako, lakini kabla chai haijapoa watataka kujua Kumiko unamuoza kwa nani. Nilikwenda huko kusoma shahada ya uzamili, Kijapani changu bado kinachechemea, na kundi la kwanza kunikaribisha mezani lilikuwa la mashabiki wa Hibike! Euphonium, katuni ya wasichana wa bendi ya shule inayotokea Uji, mji wa chai ulio safari fupi ya treni kusini mwa Kyoto. Jibu ulilotoa ndilo lililoamua ukae karibu na nani, na mada zipi ziepukwe ukiwepo. Nilichagua upande, nikavuta kiti.

Kwa asiyeijua hadithi: Oumae Kumiko anapiga yufoniamu, ala ya shaba yenye sauti nzito na ya upole, ambayo watu huisikia kwenye kila bendi bila kujua inaitwaje. Kousaka Reina anapiga tarumbeta. Hataki kuwa mtu wa kawaida, na hilo analisema waziwazi bila haya. Tsukamoto Shuichi, mpiga tromboni, ni jirani wa Kumiko tangu utotoni, kijana mwema ambaye kosa lake kubwa ni kuzaliwa ndani ya hadithi hii. Takeda Ayano, mwenyeji wa Uji, alitoa riwaya ya kwanza mwaka 2013. Kyoto Animation, studio yenye makao yake Uji hukohuko, ikaianzisha kwenye televisheni Aprili 2015, mwongozaji akiwa Ishihara Tatsuya. Kwa juujuu ni habari ya mazoezi na mashindano ya bendi za shule. Pale mezani petu mashindano yalikuwa kisingizio tu.

Ugomvi wote ulitoka kwenye sehemu ya 8. Ni usiku wa sikukuu ya Agata, ambayo Uji huisherehekea kila mwaka tarehe 5 Juni, barabara zikijaa vibanda vya vyakula. Shuichi amemwalika Kumiko watoke pamoja. Kumiko, akitafuta upenyo, anamkamata mkono mtu wa karibu na kudai wameshaahidiana. Mtu huyo ni Reina, ambaye hata hawajazoeana. Basi usiku ule wawili hao wanapanda Daikichi, kilima kinachoutazama mji, wamebeba ala zao, Reina amevaa gauni jeupe na viatu vinavyomuumiza. Huko juu, taa za Uji zikiwa chini yao, Reina ananyoosha kidole na kukiteremsha polepole usoni mwa Kumiko, kutoka kwenye paji hadi midomoni. Kisha wanapiga muziki, wao wawili tu. Huko chini Shuichi anamkatalia msichana mwingine aliyemwambia anampenda.

Kilima chenyewe kipo. Njia yake inaanzia karibu na hekalu la Ujigami, inazungukazunguka msituni, na juu kuna kibanda cha kupumzikia. Miaka ile hukukosa kumkuta kijana mwenye kamera akipima ni wapi hasa Reina alisimama, huku wazee waliokuja kunyoosha miguu wakimpisha kwa adabu.

Mashabiki wa Kijapani huyakata majina na kuyaunga. Kumiko na Reina wakawa Kumirei. Shuichi na Kumiko wakawa Shukumi. Nozomi na Mizore, wapiga filimbi na obo, wakawa Nozomizo. Mimi nilikuwa Kumirei, kama karibu meza nzima. Mpinzani wetu alikuwa senpai wangu wa maabara, yaani aliyenitangulia masomoni, mtu mtaratibu aliyekuwa amesoma juzuu zote za riwaya na aliyekuwa Shukumi wa kufa na kuzikana. Hoja yake ilikuwa moja: kitabu. Kitabuni Shuichi ana nafasi kubwa kuliko kwenye televisheni, na mwenye hadithi ni Takeda. Tulipomtajia kidole cha Daikichi, alijibu kwamba Reina mwenyewe anampenda mwalimu wa bendi, bwana Taki, na hilo halijafichwa popote. Kweli halijafichwa. Sisi tulikuwa tunalipita kimyakimya.

Niliuelewa uzito wa mambo haya Osaka, kwenye kumbi za INTEX, ambako hufanyika masoko ya vijitabu ambavyo mashabiki huchora na kuchapisha wenyewe, doujinshi. Dada mmoja wa kundi letu alikuwa na meza huko, na kazi yangu ilikuwa kurudisha chenji. Alitandika kitambaa cha bluu, akasimamisha kadi ndogo yenye majina ya jozi, akapanga vijitabu vyake vyembamba vikiwa vimenyooka kabisa, na pembeni akaweka kikopo cha sarafu za yeni 500. Wateja walikuja bila kelele. Kila mmoja alisoma kadi kwanza, kwa sababu mpangilio wa majina una maana yake: linalotangulia ni la anayeanza, linalofuata ni la anayeanzwa. Binti mmoja alichukua kijitabu, akafungua kurasa mbili tatu, akakirudisha kwa mikono miwili mahali palepale, akainama na kuondoka. Nilidhani hakupenda michoro. Dada akanieleza kwamba michoro haikuwa na tatizo, ila mpangilio ule kwa yule binti ulikuwa jirai, bomu la ardhini: jozi ambayo mtu akiikanyaga siku yake imeharibika. Hakukasirika hata kidogo. Alisema na yeye anazo zake.

Nikamwona dada, mzungumzaji yule wa mezani kwetu, mwenye kucheka kwa sauti, akiwa mtu mwingine kabisa. Mezani tulikuwa tunabishana kama watu wanaotaka hukumu. Sokoni hakuna aliyetaka kumshinda mwenzake, na kila mtu alikwenda kununua ulimwengu wake.

Mgahawa tuliokuwa tukikutania ulikuwa wa bibi mmoja ambaye alitusikiliza kwa muda mrefu kabla ya kusema lolote. Siku aliyosema, alituambia kwamba haya si mapya. Mama yake alikuwa na vitabu vya Yoshiya Nobuko, mwandishi wa Hana Monogatari, hadithi za maua zilizoanza kutoka kwenye jarida la wasichana mwaka 1916. Enzi hizo, katika shule za wasichana, urafiki mkubwa wa dada wa darasa la juu na mdogo wake ulikuwa na jina lake, herufi moja tu, S. Waliandikiana barua, walipeana zawadi, walilia wakitengana. Jamii ilivumilia kwa sababu iliamini mambo hayo yangekoma siku ya kuolewa. Bibi alimwaga maji ya moto kwenye birika, akasema kinachomchekesha kwetu ni kwamba tunataka mwandishi atie sahihi.

Mimi nilisoma shule ya bweni ya wasichana. Kidato cha kwanza nilipewa dada wa kidato cha tatu aliyenionyesha pa kuchotea maji na namna ya kuficha sukari, na ningeweza kupigana kwa ajili yake. Kwa hiyo maneno ya bibi hayakunishangaza kama yalivyowashangaza wavulana waliokuwepo. Lakini sikukubaliana naye kuhusu sahihi. Wasichana wa Yoshiya hawakuwa na mtu wa kuwaandikia kwamba inaruhusiwa kuendelea. Kuna mashabiki, hasa wale wa nje ya Japani niliokuwa nikikutana nao kwenye kilima, walioona kwamba studio inawapa kidole na kuwanyima jibu, na mimi sikuwaona wakorofi. Senpai aliwaona wakorofi.

Kilichoanza kugeuza mazungumzo yetu ni filamu ya Liz and the Blue Bird, iliyotoka Aprili 2018. Yamada Naoko aliwachukua Nozomi na Mizore kutoka pembeni mwa hadithi akawapa filamu nzima. Karibu na mwanzo ni asubuhi shuleni, Mizore amekaa kwenye ngazi akimsubiri Nozomi. Nozomi anafika, nywele zake zilizofungwa nyuma zinayumba, na Mizore anamfuata hatua kadhaa nyuma hadi chumba cha muziki. Zinasikika sana sauti za viatu, viatu vya watu wawili visivyokwenda kwa mdundo mmoja. Mizore anapiga obo, ambayo ni ndugu ya zumari yetu ya pwani, yenye mwanzi wa midomo miwili na sauti inayokata. Karibu na mwisho anamkumbatia Nozomi na kumtajia kimoja kimoja anachokipenda kwake. Nozomi anamjibu kwamba anaipenda obo yake.

Tulitoka sinema bila mtu kusema Nozomizo. Dada wa INTEX ndiye aliyevunja kimya, njiani kwenda kituoni. Alisema amekuwa akiuliza swali la kitoto. Kwamba wanapendana, mtoto mdogo anaona. Kinachouma ni kwamba Mizore ana kipaji kuliko Nozomi, wote wawili wameshajua, na mapenzi hayana dawa ya hilo. Senpai, ambaye hakuwa na upande katika jozi ile, alikubali papo hapo. Ilikuwa ajabu kuwaona wanakubaliana.

Mwaka uliofuata, Aprili 2019, filamu nyingine ya mfululizo huu ilianza na Shuichi akimwambia Kumiko anampenda, na Kumiko akikubali. Senpai alitununulia sote keki za chai ya macha. Baadaye katika filamu ileile Kumiko anaomba wasimame kwanza ashughulikie bendi, lakini keki zilikuwa zimeshaliwa.

Tarehe 18 Julai 2019 mtu alichoma moto Studio ya 1 ya Kyoto Animation, upande wa Fushimi. Watu 36 walikufa. Miongoni mwao alikuwemo Ikeda Shoko, aliyebuni sura za wahusika wa Hibike! Euphonium kwenye katuni. Nilikwenda na dada kuweka maua. Foleni ilikuwa ndefu, joto kali, na watu walishika chupa za chai baridi na makaratasi ya michoro waliyochora wenyewe. Hatukujua nani ni Kumirei na nani ni Shukumi. Dada hakuchora chochote kwa muda mrefu baada ya hapo. Aliniambia kwamba miaka yote alikuwa akinakili uso wa Reina mstari kwa mstari ili aupate, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mkono wa mtu ulioupata wa kwanza.

Msimu wa tatu ulikuja Aprili 2024, safari hii kupitia televisheni ya NHK, kila Jumapili saa kumi na moja jioni. Mimi nilikuwa nimeshahamia Osaka kikazi, senpai ana mke na mtoto, mgahawa wa bibi umefungwa. Tulikutana nyumbani kwa dada. Kumiko sasa yuko mwaka wa tatu na ni rais wa bendi. Amehamia msichana mgeni, Kuroe Mayu, naye mpiga yufoniamu, fundi, mpole kupita kiasi. Bendi inaelekea mashindano ya taifa na kuna kipande ambacho tarumbeta na yufoniamu hupiga wawili peke yao. Tarumbeta ni Reina, hilo halina mjadala. Yufoniamu ni nani?

Kitabuni nafasi hiyo anaipata Kumiko. Senpai alikuwa ameshatuambia, kwa hiyo tulikaa kusubiri sherehe. Sehemu ya 12 ilirushwa tarehe 23 Juni. Wagombea wawili wanapiga nyuma ya pazia, wa kwanza na wa pili, bendi nzima inapiga kura bila kujua yupi ni nani. Kura zinalingana. Inabaki ya Reina. Reina, anayeijua sauti ya Kumiko kuliko mtu yeyote, anachagua mmoja. Aliyemchagua ni Mayu. Baadaye wanapanda tena Daikichi, na safari hii wanalia wote wawili.

Senpai alisimama. Sikuwa nimewahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile. Alisema wamewaibia. Wawili wale walistahili kupiga pamoja, walianzia juu ya kilima kile wakipiga pamoja, na Takeda aliwapa, televisheni imewanyang'anya! Yule Shukumi wetu alikuwa akiitetea Kumirei kwa machozi, na kitabu mkononi. Dada alibaki amekaa. Alisema kwamba Reina angemchagua Kumiko kwa huruma, kila walichoahidiana kingekuwa uongo, na kwamba katika miaka yote hakuwahi kuona ungamo la mapenzi kubwa kuliko kura ile. Senpai akamwambia hayo ni maneno ya mtu asiye na rafiki. Mke wake akacheka, akamhamishia mtoto mapajani ili anyamaze.

Nilikuwa upande wa dada, na niko huko hadi leo, ingawa senpai ana hoja ambayo siwezi kuijibu: Reina aliweza kukataa kupiga kura.

Wiki iliyofuata hadithi ilikwisha. Kitauji, bendi ya Kumiko, wanapata dhahabu, na mwishoni kabisa Kumiko, mtu mzima sasa, anarudi shuleni kama mwalimu msaidizi wa bendi. Shuichi hakuna aliyemtaja, hata senpai. Tulipokuwa tunaosha vyombo, dada akatuambia ameanza kuchora tena, kijitabu cha soko la Agosti. Tukadhani ni Kumirei. Hapana, akasema, ni Kumiko na Mayu. Senpai akaweka sahani chini, akatangaza kwamba hiyo kwake ni jirai, halafu akauliza atakiuza bei gani.