Ukurasa wa 14 uko Mahama

Wiki hii zamu ya kuandika ni yetu, sisi wa daftari ya katuni. Wengi mlituomba tuweke hapa picha za kurasa zetu. Tumeweka chache tu, na mkisoma mpaka mwisho mtaelewa sababu ya kutoweka zote.

Kwanza tujieleze, sababu kuna wapya. Tuko kambi ya mpito ya Nyarushishi, huku kwenye vilima vya upande wa Nyakarenzo, Rusizi. Wengi wetu tulivuka mwezi wa 12 mwaka 2025, vita vilipofika Kamanyola na Luvungi, tukaingilia Bugarama. Kambi ya mpito ni hivyo hivyo kama jina lake: unaandikwa, unapewa pa kulala, unangoja, halafu siku moja jina lako linasomwa na unapanda bisi kwenda Mahama, kule Kirehe, mwisho mwingine wa nchi. Sisi wajitolea tuko wanne. Watoto na vijana wa katuni leo wanaweza kuwa ishirini, kesho bisi ikija wanabaki tisa.

Jumamosi mchana, mistari ya chakula ikiisha, tunakaa nyuma ya hangari na kaye yetu. Ni daftari ya karo, tulinunua duka moja la Nyakarenzo pamoja na biki mbili za bluu na moja nyekundu. Ile nyekundu ilikauka siku ya tatu.

Mambo yalianza na simu. Mwenzetu mmoja alivuka na simu yenye kioo kilichopasuka, lakini ndani yake alikuwa na Naruto kwa Kifaransa, mamia ya kurasa alizozishusha akiwa bado nyumbani. Watoto walikuwa wanabanana kumi kwenye kioo kimoja. Vita vya kwanza vilikuwa vya namna ya kusoma, maana katuni za Japani zinaanzia kulia kwenda kushoto. Kuna mtoto alisoma sura nzima kinyume, akatuambia hadithi yake ni nzuri lakini watu wanajibu kabla ya kuulizwa!

Tulipouliza kwa nini wanampenda Naruto, tulifikiri watasema ni ngumi. Wengine walisema ni ngumi kweli. Lakini msichana mmoja alisema: "Ye hana papa, hana mama, na batu ba kijiji banamukimbia." Kwa wasiomjua, Naruto ni kijana yatima, ndani yake amefungiwa mbweha mwenye mikia tisa, na kijiji kizima kinamwogopa kwa kosa ambalo si lake. Mchoraji wake, Masashi Kishimoto, alianza kuitoa mwaka 1999 akaimaliza 2014. Miaka kumi na tano hadithi moja. Sisi hatujui hata Jumamosi ijayo nani atakuwepo.

Basi kila mtu akaanza kutaja ya kwake. Mama mmoja aliyeishi zamani Nyarugusu, kule Kigoma, alitusimulia gazeti la Sani la Tanzania, Ndumilakuwili na Lodilofa, akawa anacheka peke yake kabla hajamaliza sentensi. Mzee mmoja wa hangari ya pili alikumbuka Jeunes pour Jeunes, gazeti lililoanza Kinshasa mwaka 1968, na mtu wake Apolosa. Akasema vijana walikuwaga wanalipishana ili mmoja anunue na wote wasome. Mwingine akaleta habari za Papa Mfumu'Eto, aliyechora Kinshasa mwaka 1990 hadithi ya tajiri anayegeuka nyoka, anameza mwanamke na kutapika pesa. Huyo alichora kwa Kilingala, kwenye karatasi duni, na vitabu vyake viliuzwa sokoni kama karanga. Hiyo ilitupa nguvu. Kumbe si lazima uwe na karatasi ya kung'aa.

Tukafika kwa Tintin. Hapo palichafuka.

Wengi wetu tulimkuta shuleni au kwa jirani. Wadogo wanampenda Milou, yule mbwa mweupe, na mambo ya kukimbizana. Lakini Tintin katika Kongo, aliyoichora Hergé mwaka 1930 na 1931, ni kitu kingine. Watu wetu wamechorwa midomo mikubwa, wote sura moja, wanaongea kama watoto, wanamsujudia mzungu kijana na mbwa wake. Na Hergé hakuwahi kukanyaga Kongo. Aliichora akiwa Brussels, kwa kusoma na kuangalia vitu vya watu wengine. Mwaka 2007 Mkongomani mmoja aliyesoma kule Ubelgiji alikishtaki kitabu hicho, na mwaka 2012 mahakama ya Brussels ikakataa ombi lake.

Mzee alisema: "Sisi tulichekaga tu. Tulijua si sisi." Yule msichana akamjibu kwa heshima, lakini akamjibu: "Papa, nyinyi mulijua. Batoto ba kule Ulaya benye banasoma, banajua?" Mzee akanyamaza, halafu akasema ana haki.

Tukataja pia kitabu cha 2018 kinachoitwa Kivu, cha Wabelgiji Jean Van Hamme na Christophe Simon. Hicho kimeandikwa kwa huruma, kinaonyesha Bukavu na kazi ya daktari Mukwege pale Panzi. Hatukisemi vibaya. Ila mwenzetu aliyekiona alisema shujaa wake bado ni kijana Mbelgiji. Hata kwetu Bukavu, shujaa anashuka kwa ndege.

Na tulimtaja Barly Baruti, mtoto wa Kisangani, aliyezaliwa 1959. Yeye pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie walitoa Madame Livingstone mwaka 2014, juu ya vita vya kwanza vya dunia kwenye ziwa Tanganyika na ile meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Meli hiyo mnaijua wote: ni Liemba, ile iliyobeba wakimbizi wa Burundi toka Kagunga kwenda Kigoma mwaka 2015. Baruti alichora ziwa letu, na mtu wetu yuko katikati ya picha.

Siku hiyo tulisema: sasa na sisi tuchore. Na tukajisifu mapema kwamba sisi hatutachora mtu bila kumjua.

Namna tunavyofanya ni hii. Ukurasa mmoja una vyumba sita. Kwanza unasimulia kwa mdomo, wengine wanauliza maswali. Halafu unachora kwa makaa au penseli kidogo, ukikosea unafuta na kipande cha mkate kama kipo. Biki inakuja mwisho. Maneno yanaandikwa kabla ya kuzungusha duara lake, maana tulijifunza kwa shida: ukizungusha kwanza, maneno hayaenei. Wanaoongea wanaweza kuongea Kiswahili, Kifuliiru, Kinyarwanda, Kifaransa, vyovyote, ila chini tunaandika Kiswahili ili wote waelewe.

Katuni iliyoshika kambi nzima ilichorwa na mdogo wetu mmoja wa Kamanyola. Jina lake hatuliandiki. Shujaa wake aliitwa Bidoni. Ni bidoni ya njano, ya lita ishirini, ina miguu na inasema. Bidoni amepoteza kifuniko chake. Anakitafuta kwenye mstari wa robine, anakitafuta chini ya shitingi, anauliza sufuria, anauliza ndoo iliyopasuka ambayo inajiona mkubwa wa robine. Kila akibeba maji yanamwagika na mamama wanamkaripia. Watu walichekaje! Mama mmoja alikuwa akienda kuteka maji anasema kwa sauti, "Leo niko na Bidoni bila kifuniko, munisaidie."

Ukurasa wa 13, Bidoni anafika mtoni. Ni mto Rusizi, kaandika jina. Nyuma yake kuna moshi. Hana kifuniko, akiingia maji yatamjaa atazama. Chumba cha sita anasimama tu ukingoni. Chini: "Itaendelea."

Jumatano yake majina yalisomwa, na jina la mama yake lilikuwemo. Alhamisi asubuhi bisi iliondoka. Alituachia kaye bila kusema chochote, akapanda.

Jumamosi watoto walikuja wote. "Yaya, Bidoni alivuka?" Jumamosi iliyofuata tena. Sisi wakubwa tukakaa. Wengine walisema tungoje. Wengine, na tuseme kweli, wengi wetu, tulisema watoto wana huzuni ya kutosha, tumalize vizuri, wafurahi. Yule msichana wa Naruto peke yake alikataa. Alisema: "Hii si yetu. Tutakuwa sawa na Tintin." Tulimcheka. Tintin na mtoto wa hangari ya tatu, wapi na wapi?

Basi tukachora ukurasa wa 14 na wa 15. Bidoni anajaza pumzi, anaelea, anafika ng'ambo. Pale chini ya mti, kifuniko chake kinamngoja. Wanakumbatiana, wanacheza. Tulichora vizuri, hata mtoto mwenyewe hakuwa na mkono mzuri kama ule. Watoto walipiga makofi. Tukapiga picha, tukaweka mega kwenye simu, tukamtumia kwa namba ya mama yake Mahama. Tulifikiri tunampa zawadi.

Alituita jioni yake. Aliuliza swali moja: "Juu ya nini mulimuvukisha?"

Hatukuelewa. Akasema tena, polepole: "Kifuniko hakikuvuka. Mukubwa wangu hakuvuka."

Tulifungua kaye tukaanza toka ukurasa wa kwanza. Kwenye ukurasa wa 3, pale Bidoni anakumbuka siku za nyumbani, kifuniko kimevaa kofia. Kofia ile ina nyota moja mbele. Tuliiona mara zote na hatukuwahi kuuliza. Kumbe mkubwa wake alivaaga kofia ya namna hiyo, na walipotezana siku ya kukimbia, kabla ya mto. Mpaka leo hawajui yuko wapi. Mama yake ameandikisha jina kwa watu wa Msalaba Mwekundu wanaotafuta ndugu waliopotezana. Mtoto alikuwa hajasema kwa mtu yeyote hapa. Alikuwa anasema kwa Bidoni, na sisi tulikuwa tunacheka.

Tulimwomba msamaha. Tukamwambia tutararua zile kurasa. Alikataa. Alisema: "Musirarue. Ila muandike si mimi."

Tulizitoa kwa wembe, tukazishona kwa uzi mwisho wa kaye, na juu yake tumeandika: "Kurasa hizi tulichora sisi, bila kumwomba mwenyewe." Mahali pake tumetia karatasi nyeupe, namba 14. Ndiyo sababu hamuoni kurasa za Bidoni hapa. Haya tunayoandika leo tulimsomea kwenye simu kwanza, neno kwa neno, yeye na mama yake, na walikubali. Alibadilisha sehemu mbili.

Toka hapo tuna kanuni tatu. Ya kwanza, kila hadithi ina mwenyewe na jina lake linaandikwa mwanzo, au alama yake kama hataki jina. Ya pili, anayeondoka anaulizwa kabla ya bisi: unabeba, unaacha, au unampa mtu? Ya tatu, asiyejua kuchora anaweza kusimulia na mwingine akachora, lakini majina ni mawili. Hiyo ya tatu tuliipata kwenye kitabu kiitwacho When Stars Are Scattered, cha 2020. Omar Mohamed alikulia kambi ya Dadaab, Kenya, akimlea mdogo wake Hassan. Victoria Jamieson wa Marekani alimchorea hadithi hiyo. Jalada lina majina yote mawili. Mkimbizi hakuchora hata mstari, na bado kitabu ni chake.

Yule msichana sasa ndiye anayeshika kaye. Tulimwomba msamaha yeye pia. Alisema sawa, halafu akatupangia zamu za kununua biki.

Watoto wapya wakifika wanaona ile karatasi nyeupe wanataka kuichora. Tunawaambia ina mwenyewe, yuko Mahama, bado anafikiri. Mmoja aliuliza, na kama hatachora? Tukamwambia basi itabaki nyeupe.

Ninyi mlioko Mahama, tuna ombi moja dogo. Mkikutana na mtoto anayechora bidoni yenye miguu, msimwulize inaishaje. Mpeni biki.

Wiki ijayo ni zamu ya wenzetu wa kwaya.