Babu Arejea Chuoni

Jamaa wa karibu na wa mbali, naomba nafasi ndogo katika kitabu chetu cha mwaka huu nieleze aibu iliyonifika. Huenda ikamfaa mwenzangu mwenye mvi.

Nilisomesha skuli Unguja zaidi ya miaka thelathini. Nilipostaafu, binti yangu aliniita Hamburg nimwangalilie mjukuu wangu, kwani yeye na mumewe wapo kazini kutwa. Nikanunua kitabu cha Kijerumani, nikakisoma kama mwalimu. Nilipokutana na neno Schule nilicheka, maana ndiyo shule ya ndugu zetu wa bara, waliyoachiwa na Wajerumani. Nikajiona nimeshafika.

Siku moja simu ikalia. Mwalimu wa chekechea akasema mengi, mwisho akasema: "Bitte holen Sie ihn ab." Nililikamata "holen" tu. Kitabuni ni kwenda kuleta kitu. Nikadhani kuna kitu kinatakiwa, nitamuuliza binti yangu jioni. Nikajibu "ja, ja, danke", nikarudi kwenye chai yangu. Kumbe mtoto ana homa, naambiwa nikamchukue! Kitenzi ni "abholen". Hukatwa, kichwa kikakaa mbele na ile "ab" ikatupwa mwisho wa sentensi. Kanuni hiyo nilikuwa naijua, ila kwa macho tu. Mtoto aliningoja kwa muda wa saa mbili. Binti yangu hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Usiku ule akanionesha katika simu filamu za Nicos Weg, za Deutsche Welle, wale wale ambao tangu 1963 wanatangaza kwa Kiswahili. Ni kisa cha kijana wa Kihispania aliyefika Ujerumani akapotelewa na begi lake, kimegawiwa vipande vya dakika chache chache, na hakilipiwi.

Nikakumbuka chuoni. Maalim alikuwa akisoma, nasi tunaitikia mpaka sikio na ulimi vizoee. Maana ilikuja baadaye. Basi kila kipande nakipitia mara tatu. Mara ya kwanza naifudikiza simu, nasikiliza tu. Mara ya pili natazama. Mara ya tatu nasoma maandishi yaliyo chini, nasimamisha kila sentensi, naitamka kwa sauti, na moja naiandika daftarini.

Kwa njia hiyo nilianza kusikia kwamba "der Koffer", sanduku, likitafutwa huwa "den Koffer", lakini "die Tasche", mkoba, haubadiliki. Jinsia zao ni tatu tu. Sisi wenye ngeli tele hatuna haki ya kulalamika.

Majira ya baridi yaliyopita simu ililia tena: "Bitte holen Sie ihn um zwölf ab." Safari hii sikujibu haraka. Nilinyamaza mpaka nikaisikia "ab". Zwölf yao ni saa sita yetu. Nikavaa koti, nikafika saa sita kasorobo.

Mjukuu wangu aliponiona mlangoni aliniuliza, kwa Kiswahili, "Babu, umefahamu?"

Nikamwambia, "Nimefahamu, baba. Twende zetu."

Wassalaam.