Lamu Yatufunza Kuuliza: Nani Amesema?



Kutoka Mombasa tulipita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha tukavuka kwa boti mpaka gati la Lamu. Mji huu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, na apitaye vichochoro vyake akipishana na punda huiona sababu kwa macho yake: nyumba za mawe, milango ya nakshi, na adhana zinazopokezana. Lakini safari yetu ilikuwa na haja nyingine. Tulitaka kuona watoto wetu wanasomaje katika zama hizi za simu na vishikwambi.

Tulianzia Riyadha, msikiti na chuo kilichoasisiwa na Habib Swaleh, mwanachuoni mwenye asili ya Ngazija. Hapo zimehifadhiwa hati za mkono za fiqhi, nahau na maulidi. Hati hizo zilipigwa picha za kidijitali kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza, zikawekwa kwenye intaneti ili wazisome walio mbali. Basi asidhani mtu kwamba elimu yetu na mitambo ni mahasimu. Ila mwanafunzi wa chuoni hatosheki na maandishi. Husoma mbele ya shekhe wake, naye shekhe alisoma kwa shekhe wake, na ijaza hutolewa kwa mwenye sanadi inayojulikana.

Kutoka hapo tukaenda katika shule moja ya msingi ya mjini. Serikali ilianza kugawa vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka 2016, na mtaala wa umilisi umeuhesabu ujuzi wa kidijitali kuwa miongoni mwa umilisi wa lazima. Mwalimu alitwambia kwamba kubonyeza watoto hujifunza kwa siku moja. Kazi ni kuwafundisha lipi la kuamini.

Siku hiyo msichana mmoja alileta “hadithi” aliyoinakili kutoka simuni, yenye picha nzuri ya Al-Kaaba, bila ya mpokezi wala kitabu. Mwalimu hakumkemea. Aliandika ubaoni maswali manne: Nani amesema? Ameipata wapi? Alisema lini? Nani mwingine ameithibitisha? Darasa zima likatafuta, na jibu halikupatikana hata kwa swali moja. Alipoulizwa ameipata wapi, mtoto akajibu kwa sauti ndogo, “Kwa mama. Imetoka kwenye kundi letu la nyumbani.”

Jawabu lile lilitunyamazisha. Mtoto anafundishwa shuleni kuchuja habari, kisha anarudi nyumbani ambako baba, mama na hata babu hupokea na kusambaza kabla ya kusoma mpaka mwisho. Je, amsadiki nani? Mwalimu alimwelekeza kwa adabu: “Ukifika nyumbani usiseme mama amekosea. Sema, ‘Mama, naomba tuitafute pamoja.’”

Ndugu zetu wapenzi, hayo maswali manne si mageni kwetu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tuzibainishe habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Kwa sababu hiyo wanazuoni wa hadithi walichunguza wapokezi mmoja mmoja. Uvumi wa maradhi, wa dawa au wa jirani nao unastahili mizani hiyo hiyo, kwani heshima ya Muislamu huvunjwa kwa ujumbe mmoja.

Basi tuanzie majumbani. Kila juma, baada ya Maghribi, tuchague ujumbe mmoja uliotufikia, tukae na watoto, tuupime kwa maswali yale manne. Usiokuwa na asili tuufute, na aliyetutumia tumweleze kwa upole. Na mtoto akituuliza, “Nani amesema?”, tusimwone mtovu wa adabu, tumshukuru, tutafute naye.

Wabillahi tawfiq.