Kipimo Peke Yake Hakitoshi

Akina mama wenzetu, katika kikundi chetu cha kanisani tumeulizwa: "Nyama ya Ulaya ikishapimwa kichaa cha ng'ombe, si inalika bila hofu?" Sisi wauguzi hatulidharau swali hilo. Anayepika ndiye anayebeba wasiwasi wa nyumba nzima.

Ugonjwa huu ulitambuliwa Uingereza mwaka 1986. Ng'ombe, mla majani, alikuwa amelishwa unga wa nyama na mifupa ya wanyama wengine. Mwaka 1990 waziri wa kilimo, John Gummer, alimpa bintiye wa miaka 4 baga mbele ya kamera ili kuwatuliza wananchi. Machi 1996 serikali ikatangaza kwamba huenda ugonjwa umewafikia watu. Kwa jumla wamekufa Waingereza 178, wengi wao vijana. Dawa haipo, na kuchemsha nyama hakuondoi sumu yake.

Hofu ikaleta vipimo. Mwaka 2001 Umoja wa Ulaya uliagiza ng'ombe wote waliozidi miezi 30 wapimwe wakichinjwa kwa ajili ya chakula. Japani ikapima wote, mkubwa kwa mdogo. Kipande cha shina la ubongo kilipelekwa maabara, na nyama ilisubiri majibu.

Lakini kipimo hicho huuona ugonjwa unapokaribia kujitokeza. Ng'ombe huambukizwa akiwa bado ndama, na dalili huja baada ya miaka 4 au 5. Akichinjwa mapema, majibu yaweza kusema hana, kumbe anao. Sisi tunaopima damu twalijua jambo hili: aliyeambukizwa virusi vya Ukimwi juzi, karatasi yake leo yaweza kumwonyesha mzima. Ndiyo maana twamwambia arudi. Ng'ombe aliyechinjwa harudi.

Kilichookoa watu zaidi ni kupiga marufuku chakula kile cha mifugo, na kuondoa ubongo na uti wa mgongo machinjioni. Ugonjwa ukapungua sana, na mwaka 2017 Japani ikaacha kupima ng'ombe wenye afya.

Basi wapenzi, kipimo tukiheshimu, kwani kilionyesha ugonjwa ulikojificha. Ila tusikifanye mto wa kulalia. Kabla ya kuuliza kama nyama imepimwa, tuulize mnyama alilishwa nini. Na kwa wenye zizi nyumbani, jibu la swali hilo limo mikononi mwetu wenyewe.