Tulipomfungia Bi Harusi Maji

Hili la leo tumelikalia kimya muda mrefu kwa sababu halitupambi, lakini msimu wa harusi umeingia na mabibi harusi wengi wataanzia maisha kwenye nyumba za kupanga. Bora tuliseme.

Sisi ni wanawake wa ngazi moja katika nyumba za maendeleo hapa Wete. Wageni wakipita barabarani hushangaa kuziona ghorofa hizi Pemba. Zilijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ndugu wa zile za Michenzani kule Unguja, na wengi wetu tumezirithi kwa wazee wetu. Milango minane, tangi moja, pampu moja. Maji ya bomba yakija hayana nguvu ya kupanda juu, kwa hivyo pampu ndiyo roho ya jengo. Kila mwezi kila mlango hutoa mchango wa umeme wa pampu na taa ya ngazi, na Ijumaa asubuhi tunaosha ngazi kwa zamu. Katiba hatukuwa nayo, wala muhuri. Tulizoeana tu.

Kisha mwenye mlango mmoja wa ghorofa ya tatu akahamia Muscat, nyumba akamwachia dalali. Kwanza waliingia vijana wanne. Wageni wao wakawa wanapanda na kushuka mpaka saa tano za usiku, na hili lilituuma kuliko takataka na kelele. Ngazi kwetu ni kama ukumbi. Mtu hutoka na kanga zake kumwita mtoto au kuazima chumvi. Ikawa hata kuanua nguo lazima uvae buibui. Wale vijana wakaondoka, tukashukuru.

Wakaja bwana harusi na bi harusi. Tukasema alhamdulillah, sasa tumepata watu wa nyumba. Lakini mwezi wa kwanza mchango haukutoka, wa pili haukutoka. Zamu yao ya ngazi ikapita kama hawamo. Pikipiki ya bwana ikalala chini ya ngazi, mama mwenye miguu mibovu akawa anapita ubavu. Tulipomuuliza yule bwana, akajibu, "Zungumzeni na mwenye nyumba," akapanda zake. Tukaona jeuri. Mwezi wa tatu tulikaa baada ya Magharibi, tukakubaliana, na mmoja wetu akapanda juu kufunga koki ya maji yao.

Asubuhi ya pili bi harusi akashuka na ndoo mbili. Hina bado haijafutika vizuri vidoleni. Akatupa salamu kwa adabu, "Shikamooni mama zangu," akauliza wapi anaweza kuchota, maana kwake maji yamekatika na mumewe ameondoka alfajiri. Hakujua kama ni sisi. Wallahi hakuna aliyeweza kumtazama.

Tulipomkalisha na kumpa chai ndipo tukayajua. Walilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali aliwaambia maji na usafi wa ngazi vimo ndani ya kodi hiyo. Walikuwa wamelipa! Ila kwetu hakikufika kitu. Zamu ya Ijumaa hakuna aliyewahi kumwambia. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameshamwambia.

Koki tulikwenda kuifungua saa ile ile. Lakini aibu haifunguki kwa koki.

Dada mmoja kati yetu anayesomesha madrasa alitukumbusha kisa cha yule aliyemshitakia Mtume, rehema na amani zimshukie, maudhi ya jirani yake. Aliambiwa asubiri, na alipozidi kulalamika akaambiwa atoe vyombo vyake njiani. Wapita njia wakauliza, wakamlaani yule muudhi, mpaka akaja mwenyewe kumwomba jirani arudi ndani. Kisa hiki tumekisikia tangu utoto, lakini hatukuwahi kuona kwamba yule bwana alitoa vyombo vyake mwenyewe. Cha jirani hakukigusa. Na Suratun-Nisaa aya ya 36, inapotutaka tumtendee wema jirani, haiulizi kama ana hati ya nyumba au risiti ya kodi.

Basi tukaenda kwa sheha, safari hii pamoja na bi harusi na mumewe. Mwenye nyumba akapigiwa simu Muscat, sauti ikawekwa juu sote tusikie. Alianza kwa kumlaumu dalali, akamaliza kwa kukubali kwamba michango ya mlango wake ni deni lake. Hilo ndilo tulilolikosa tangu mwanzo. Zanzibar ina sheria ya kondominio tangu 2010, na msingi wa umiliki wa namna hiyo ni kwamba mwenye fleti ana sehemu yake pia kwenye paa, ngazi na mabomba, na mzigo wake anakwenda nao hata akiwa ng'ambo. Sisi tulikuwa tunagombana na mpangaji kwa sababu ndiye aliye karibu na mkono.

Nawe bi harusi, kabla hujapanga kanga zako kabatini, mwambie mumeo aulize kwa maandishi: maji nani analipa, taa nani, wageni mwisho saa ngapi. Nendeni kwa sheha mkaandikishwe. Halafu usingoje kukaribishwa. Siku ya kwanza gonga mlango wa chini na wa juu, utoe salamu. Sisi wenyeji nasi tuwe tumeshapanda na sahani ya vitumbua.

Sasa tuna karatasi moja ya masharti, na kila mpangaji anasomewa kabla ya kupewa ufunguo. Daftari la michango analishika yule bi harusi, ana mwandiko mzuri kutushinda sote. Pikipiki bado tunaigombania.