Injini ya Mzee na kosa langu la bisibisi

Nimerudi. Najua nimepotea wiki tatu nzima. Testi zilifuatana, boom likachelewa, mambo ya chuo mnayajua wenyewe. Leo ni Jumapili usiku, umeme umerudi sasa hivi, rumeti wangu anakoroma, nikaona niandike kabla sijasahau. Ni stori ya injini inayoenea kiganjani, na ya kosa ambalo bado linaniuma.

Kama wewe ni msomaji wa siku nyingi hapa unamkumbuka Mzee wa Changanyikeni, mwalimu mstaafu wa fizikia ambaye Jumamosi huwa namfundisha mjukuu wake hesabu. Siku moja tukiwa tumemaliza kipindi, Mzee akashusha kopo la biskuti kutoka juu ya kabati. Ndani kulikuwa na vitambaa viwili, na ndani ya kila kitambaa injini ya ndege.

Siyo ndege ya kupanda mtu jamani! Ni ndege ya mfano, ya mbao, mabawa yake kama urefu wa mkono. Alizipata mwaka 1978 kwa mwalimu mwenzake wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao. Walikuwa wakirusha kwenye uwanja wa mpira wa shule, ndege imefungwa nyaya mbili, wewe unasimama katikati ukiwa umeshika mpini na yenyewe inakuzunguka kama mbuzi kwenye kigingi. Shule nzima inatoka madarasani. Mafuta yalipokosekana, mwaka 1986, akazifunga kwenye kitambaa. Hazikuguswa tena.

Injini zote mbili ni Enya 15 za Japani. Hiyo 15 maana yake ni sehemu 15 za mia za inchi moja ya ujazo, ambayo ni karibu sisi 2.5. Bodaboda ya sisi 150 ukiigawa unapata injini 60 za namna hiyo. Plagi yake haina koili wala waya wa umeme wa kudumu. Ndani ina uzi mdogo wenye platini. Unaupasha kwa betri ya volti 1.5 wakati wa kuwasha, injini ikishashika unaondoa betri. Baada ya hapo mgandamizo, pamoja na methanoli inavyoungua ikigusa platini, vinatosha kuufanya uzi uendelee kuwaka. Mimi mtu wa fizikia na hesabu nilibaki mdomo wazi.

Tatizo ni kwamba zote mbili zilikuwa zimeganda. Ukishika panga boi unazungusha, hola. Kama imechomelewa.

Mzee akaniambia, "Chukua moja, kaiangalie. Usiwe na haraka."

Sasa sikilizeni nilichofanya. Nilifika bwenini saa mbili usiku, na kabla ya saa tatu nilikuwa nimeshapitisha bisibisi kwenye tundu la moshi nasukuma pistoni. Haikwenda. Nikaazima plaizi kwa jamaa wa chumba cha pili, nikakamata shafti, nikakaza meno, nikazungusha. Ikalia kak! Kwa sekunde mbili nikafurahi maana shafti ilizunguka. Kumbe shafti ilikuwa inazunguka peke yake. Ile fimbo nyembamba ya alumini inayounganisha pistoni na krenki ilikuwa imekatika, na pistoni bado iko palepale, sasa ina na mikwaruzo ya bisibisi.

Miaka karibu arobaini kwenye kopo la biskuti haikuiharibu. Mimi niliiharibu ndani ya saa moja.

Nilikaa siku nne bila kwenda Changanyikeni. Nilitamani hata kumwambia imeibiwa. Jumamosi nikajikaza, nikaenda, nikamwamkia, nikaiweka mezani na kusema ukweli. Mzee aliigeuzageuza muda mrefu.

"Ulijua ni nini kimeishika?"

"Hapana, Mzee."

"Sasa ulikuwa unapigana na nani?"

Sikuwa na jibu. Akaifunga ile iliyokufa kwenye kitambaa chake, akairudisha kwenye kopo. Halafu akatoa ya pili, akanipa. Afadhali angenifokea.

Safari hii nilianza na swali lake. Nilisoma, nikauliza mafundi, na jibu lilinichekesha. Kilichoishika injini ni mafuta ya nyonyo! Ndiyo, haya haya dada zetu wanayopaka nywele. Injini hizi hutumia methanoli iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha, na Mzee alikuwa akichanganya mwenyewe, sehemu tatu za methanoli kwa moja ya nyonyo. Nyonyo inachanganyika vizuri na methanoli, tena inang'ang'ania chuma hata kikiwa cha moto sana. Ndege za vita vya 1914 mpaka 1918 zenye injini za kuzunguka zilitumia mafuta hayohayo, na hata jina la Castrol limetokana na jina la nyonyo kwa Kiingereza. Shida yake ni moja. Yakibaki ndani yakakutana na joto na hewa, yanakuwa gundi, halafu yanakuwa vanishi. Yale yale yaliyoilinda isipate kutu ndiyo yaliyoifunga.

Ukishajua hivyo, dawa inabadilika. Mafundi wengi hapa watakwambia weka mafuta ya taa. Lakini nyonyo hailainiki vizuri kwa mafuta ya taa wala petroli, inataka jamii ya pombe. Nikanunua chupa ya spiriti duka la dawa. Nikafungua plagi, nikafungua mfuniko wa nyuma, nikamulika kwa tochi ya simu. Sikuona wekundu wa kutu, niliona rangi ya kahawia inayong'aa, kama sukari iliyoungua kwenye sufuria. Nikashukuru Mungu, maana kutu ingekuwa kesi nyingine. Nikaizamisha kwenye kopo la siagi ya karanga lenye mfuniko, nikaiacha siku mbili dirishani, mbali na jiko la rumeti. Spiriti inashika moto haraka, msifanye mchezo.

Siku ya tatu nikaitoa, nikaianika nje mpaka ikakauka kabisa na harufu ikaisha, ndipo nikaenda kwa anti wa saluni kuomba draya ya mkono. Alipouliza ya nini nikamweleza. Alicheka mpaka wateja wakageuka. "Kumbe ndege nayo inapaka nyonyo!" Akanipa kona na kiti.

Hapa ndipo fizikia ya sekondari ilipoingia. Kasha la injini ni alumini, shafti na silinda ni chuma. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo ukipasha injini nzima, kasha linaachia shafti kidogo, na vanishi nayo inalainika. Nikapasha dakika kumi, nikaishika kwa taulo, nikatumia panga boi la mbao tu, maana mbao ikizidiwa itavunjika yenyewe kabla ya injini. Nikatikisa kushoto, kulia, kwa vidole viwili. Hola. Nikapasha tena. Mara ya nne ikasogea upana wa punje ya mchele.

Jamani, nilitaka kupiga kelele! Na ndipo mkono ukaanza kuwasha, ule mkono wa plaizi. Nikauweka chini. Nikadondosha matone ya mafuta, nikarudisha palepale ilipotoka, nikapasha tena. Punje moja ikawa mbili. Mara ya saba pistoni ikapita juu, ikashuka, ikazunguka duara zima. Nikaisafisha tena kwa spiriti kutoa mabaki yasije yakakwaruza silinda, nikaiacha ikauke, nikailowanisha mafuta mapya.

Nikiwa pale saluni namkumbuka kijana mmoja wa TP ya mwaka jana. Kidato cha pili, kipindi cha msukumo na eneo. Nilimsimamisha ubaoni karibu nusu kipindi, nikatangaza hatuendelei mpaka ajibu. Hakujibu. Darasa lilicheka, na mimi niliona nimeonyesha msimamo. Mpaka naondoka pale hakunyoosha mkono tena. Kwenye ripoti yangu niliandika kwamba hana bidii. Sikuwahi kumuuliza chochote. Yule sina namna ya kumrudishia kipindi chake, kama ile injini ya kwanza.

Jana nimeipeleka Changanyikeni. Macho ya Mzee siku hizi hayaoni vizuri, kwa hiyo hakuitazama. Alirudishia plagi, akafunga panga boi, akazungusha taratibu kwa kidole mpaka injini ikagoma kidogo kwa mgandamizo, halafu ikapita, pok. Akarudia. Pok. Akamwita mjukuu wake naye ajaribu.

Nikauliza lini tunaiwasha. Akasema hatuwashi mpaka tuifungue yote, tukague shafti na beringi, tutafute methanoli safi. Labda mwezi, labda miwili. Sikubisha.

Kabla sijaondoka akafungua kopo akatoa ile iliyokufa, akaniwekea mkononi. "Hii weka mezani kwako unapoandaa somo." Ipo hapa pembeni ya daftari langu la maandalio, ina mikwaruzo yake. TP ni Julai.

Haya, kesho nina kipindi saa moja asubuhi. Usiku mwema, tuonane wiki ijayo Mungu akipenda.