Namba Zilikufa, Anwani Zikabaki

Goma, mashariki ya Kongo, ilipotekwa na waasi mwisho wa Januari 2025, nilikuwa na magunia 62 ya mchele na bidoni 40 za mawese ghalani hapa Kindu, vyote vikingoja ndege. Ndege haikuja. Uwanja wa Goma ulifungwa, benki za mji ule zikafungwa, na kabla Februari haijaisha Bukavu nayo ilikuwa imetekwa, pamoja na uwanja wake wa Kavumu. Msomaji wa mbali ataniuliza kwa nini sikupakia lori. Kutoka Kindu kwenda Kivu, lori linaweza kulala kwenye matope wiki nyingi. Ndiyo maana sabuni, chumvi na misumari tuliletewa na ndege, na ndege hizo hizo zikarudi na mchele, mawese na karanga za Maniema. Mlango wangu ulikuwa huo mmoja.

Mchele wenyewe haukuwa wangu wote. Nusu nilikuwa nimeukopa kwa wakulima wanaovuka mto kwa mitumbwi kutoka upande wa Alunguli, na fedha ya mawese ilitoka kwenye likelemba yetu, mchango wa zamu wa akina mama. Kila asubuhi mmoja wao alipita nyumbani, akanisalimia vizuri, akauliza habari za watoto, kisha akakaa kimya. Kimya kile kiliniuma kuliko matusi.

Wateja wangu wa Goma walikuwa karibu 180: wenye migahawa, familia, wafanyakazi wa maofisi. Bei na siku za mzigo nilikuwa nawatangazia kwa WhatsApp, kwenye orodha moja. Ni chombo kizuri chenye mipaka yake: orodha haizidi watu 256, na asiyehifadhi namba yako kwenye simu yake hapati kitu. Usiku mmoja wa Februari niliwaandikia wote. Asubuhi nikaanza kuangalia jina kwa jina. Alama moja ya kijivu. Alama moja. Alama moja, hadi chini kabisa. Ujumbe umetoka kwangu, haujamfikia mtu. Nilikaa sakafuni nikalia, na sikulilia mchele peke yake, kwa maana nyuma ya kila jina kulikuwa na mtu ambaye nilijua ana watoto wangapi na wanapenda wali wa namna gani.

Walikuwa wamekimbia. Wengine walitupa laini zao kwa woga, wengine walivuka mpaka wakanunua laini za nchi nyingine. Namba zao zilikuwa zimekufa.

Hapo nikakumbuka daftari. Wenye migahawa na maofisi walikuwa wakidai ankara, au fakitire kama tunavyosema hapa, itumwe kwa barua pepe, kwa hiyo tangu 2019 nilikuwa naandika anwani zao. Mwaka ule ulianza tukiwa gizani: baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchi nzima karibu wiki 3, na yaya mmoja, yaani dada mkubwa, muuza vitenge akaniambia nisiache majina ya wateja yakae ndani ya simu tu. Nilimsikiliza. Anwani nilizichukua kwa sikio, herufi moja moja, simu ikikwaruza: “M ya mama, tena M, nukta, halafu arobasi,” yaani alama ya @. Penye mashaka nilizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Nilipozihesabu zilikuwa 94.

Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi. Mtandao wetu hupata nguvu watu wakiwa wamelala, basi baada ya daku nikaandika: “Ni mimi, mama wa mchele wa Kindu. Mko wapi? Mko salama? Leo siuzi kitu, nataka kujua tu.” Nikazipanga anwani zote 94 pale penye neno “Kwa”, nikatuma.

Jibu la kwanza lilikuja kabla ya adhana ya alfajiri. “Mama, umenionyesha kwa watu 93. Mimi najificha. Naomba unifute.”

Mikono ilinitetemeka. Sehemu ya nakala fiche ilikuwa hapo hapo chini ya macho yangu, nami sikuigusa. Wakati wa amani kosa hilo ni utovu wa adabu tu. Mji ukiwa umetekwa, linaweza kumfikisha mtu pabaya. Niliomba msamaha kwake peke yake, nikamfuta, na tangu siku ile sijatuma barua yoyote kwa kundi bila kumwonyesha mtu mwingine kwanza.

Wengine walijibu. Katika wiki 2 nilipata majibu 41, kutoka Bujumbura, Kampala, Kinshasa, Kalemie, Lubumbashi. Mmoja aliniandikia kutoka kwenye simu ya kuazima. Laini ilibaki Goma, lakini anwani na neno la siri alivuka navyo kichwani. Namba hufa, anwani hubaki: hilo ndilo nililojifunza kwa machozi, na nawaambia wafanyabiashara wenzangu kila nipatapo nafasi.

Mtoto wa jirani, anayesoma Chuo Kikuu cha Kindu, alinifungulia huduma ya kutuma barua kwa wateja, ya bure kwa orodha ndogo. Inampelekea kila mtu barua yake peke yake, na chini huweka kiungo cha kujiondoa. Barua za mwanzo ziliishia kwenye sanduku la takataka. Kijana akanieleza kwamba tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti, na barua inayosema imetoka gmail.com huku imetumwa na mashine ya kampuni nyingine hushukiwa. Ilitubidi kununua jina letu la tovuti, na binamu yangu wa Kinshasa akalilipia kwa kadi yake. Kisha tukaandikisha vitu 3. SPF hutaja mashine zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lako. DKIM ni muhuri unaoonyesha kwamba barua haikubadilishwa njiani. DMARC humwambia anayepokea afanye nini vile viwili vikikosekana. Mimi nilielewa haraka, kwa kuwa nimepita kwenye barieri nyingi za barabarani: asiye na karatasi hurudishwa, hata kama mzigo wake ni halali.

Barua zangu hazina picha. Mega za intaneti ni ghali kwa mkimbizi kuliko kwangu. Naandika mistari 6, na kichwa kinasema jambo lenyewe: “Treni iko Kindu, nina magunia 20.” Maana njia mpya ilikuwa ya kusini, reli inayopita Kibombo na Kongolo hadi Kabalo, kisha Kalemie upande mmoja na Lubumbashi upande mwingine. Treni haiji kila wiki. Ikija, nakesha.

Mwenye mgahawa mmoja aliyepitia Uvira na ziwa hadi Kalemie ndiye alinunua kwanza, magunia 8, akalipa nusu kwa simu kabla mzigo haujaondoka. Akawaambia wengine. Magunia 11 yaliliwa na wadudu kabla sijapata njia, hayo nimeyahesabu kama hasara yangu. Wakulima wa Alunguli walipata haki yao mwezi wa Agosti, na wa likelemba nilimaliza kuwalipa Oktoba.

Yule aliyeniomba nimfute hakuandika tena. Mstari wake kwenye daftari nimeupaka wino mweusi hadi herufi hazisomeki. Kila Ijumaa namwombea dua, bila kumtaja jina.